Bati au Mwalimu

Tulipoombwa tuandike jinsi imani ilivyofanya kazi katikati yetu, wengi wetu walitaka tuandike juu ya jengo la kigango. Ni jengo la kujivunia. Mchanga tuliubeba sisi wenyewe, maji walichota akina mama, na mawe ya msingi yalisogezwa kwa toroli moja la kuazima. Lakini mama mmoja wa jumuiya akasema, "Tukiandika juu ya jengo, itabidi tueleze kwa nini upande wa kushoto hauna bati." Tukanyamaza wote. Basi tumeona ni afadhali tueleze hilo.

Kwa msomaji asiyeifahamu Kemambo: ni kata ya wilaya ya Tarime, mkoani Mara, na ukivuka Mto Mara unaingia wilaya ya Serengeti. Hapa ni nchi ya dhahabu. Mgodi mkubwa wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, lakini watu wa huku walikuwa wakichimba kwa sururu na karai kabla ya hapo, na hadi leo wapo wachimbaji wadogo wenye maduara yao, makarasha ya kusaga mawe, na mialo ya kuoshea. Mtoto wa kwetu anakua akisikia sauti ya karasha kama mtoto wa Ukerewe anavyosikia ziwa. Akifika kidato cha pili, mikono yake tayari ina thamani sokoni. Anaweza kubeba mawe, anaweza kuosha, na jioni akarudi na noti mfukoni. Ukimwambia abaki darasani atafute thamani ya x, lazima uwe na mtu wa kumwonyesha kwamba hiyo x ina faida.

Mtu huyo tulikuwa naye. Alikuwa kijana aliyehitimu ualimu wa Hisabati na Fizikia, akawa anasubiri ajira ya Serikali kama wenzake wengi, na wakati akisubiri alijitolea kufundisha katika shule ya sekondari wanayosoma watoto wetu. Wazazi walikuwa wakichanga fedha kidogo ya chakula na chumba chake. Tangu ada ilipofutwa mwaka 2016, michango ya namna hiyo imebaki kuwa ya hiari, na hiari, tukisema ukweli mbele za Mungu, huchoka haraka. Kufikia mwaka 2022 alikuwa akila kwa kukopa dukani.

Tulimfahamu kwa jambo la pointi. Wanaouza dhahabu ndogondogo huhesabu kwa gramu na pointi, na pointi kumi ni gramu moja. Kijana mmoja wa jumuiya yetu, aliyekuwa akitoroka shule kwenda mwaloni, aliweza kukokotoa kichwani bei ya gramu mbili na pointi saba kabla mnunuzi hajatoa kikokotoo. Kijana huyohuyo alipata sifuri katika jaribio la desimali. Mwalimu alipogundua, hakumchapa wala hakumkaripia. Alifuta ubao akaanza upya na mizani, pointi na bei ya siku hiyo. Baadaye aliwatoa darasa zima nje, wakapima kivuli cha fimbo na pembe ya jua, wakatafuta urefu wa kifusi kinachoonekana kutoka uwanjani. Baadhi yetu tulilalamika kwamba anawafundisha watoto uchimbaji. Tulikuwa hatujaelewa. Watoto walikuwa wanaujua uchimbaji kabla yeye hajafika. Ile desimali ndiyo ilikuwa ngeni kwao.

Sasa, mwezi wa nane mwaka huo, mkuu wa shule alikuja kigangoni baada ya ibada, akaomba dakika tano. Alisema mwalimu yule amepata kazi ya kuandika hesabu za karasha, kwa fedha ambayo shule haiwezi kuigusa, na kwamba ataondoka mwisho wa mwezi. Watoto wa kidato cha nne walikuwa na miezi michache kabla ya mtihani. Hakuomba kitu. Alitupa taarifa tu, akakaa.

Na sisi tulikuwa na fedha. Tulikuwa na zaidi kidogo ya shilingi milioni mbili na nusu, mavuno ya miaka miwili, zilizotengwa kwa bati.

Hatukukubaliana siku hiyo, wala juma lililofuata. Wa kwanza kupinga alisema kuajiri walimu ni kazi ya Serikali, na kanisa likianza kulipa walimu halitamaliza. Hoja hiyo ina uzito, na hatujaipatia jibu kamili hata leo. Wa pili alisema kwa sauti ya chini jambo ambalo wengi walikuwa wakiliwaza: mwalimu huyo hasali kwetu. Anasali Jumamosi. Je, sadaka ya Jumapili ikamlipe mtu ambaye hajawahi kukanyaga kizingiti chetu?

Kisha mzee mmoja, mtu mwema sana, akamtaja Bruda Peter Tabichi.

Habari za Tabichi tulizisikia mwaka 2019, na kwetu mpakani zilipokelewa kama habari za jirani. Jina lake kamili ni Peter Mokaya Tabichi, na Mokaya ni jina la Kikisii ambalo hapa halihitaji mkalimani. Ni mtawa Mfransisko, mwalimu wa Hisabati na Fizikia, aliyekuwa akifundisha Shule ya Sekondari ya Keriko, kijiji cha Pwani, Njoro, katika kaunti ya Nakuru. Mwezi wa tatu mwaka huo alisimama jukwaani Dubai na kanzu yake ya kitawa, akapewa tuzo ya mwalimu bora duniani inayotolewa na Varkey Foundation: dola milioni moja za Marekani. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja tu, intaneti ya kukatika, na darasa la wanafunzi 58 kwa mwalimu mmoja. Wengine walitembea kilomita saba kwenda shule, na mvua ikinyesha barabara hazipitiki. Katika shule hiyo wanafunzi wake walivumbua vitu, wakashinda wenzao wa shule kubwa, hata wakafuzu kwenda kwenye maonyesho ya kimataifa ya sayansi Marekani. Na yeye alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kwa maskini.

Hiyo asilimia 80 ndiyo mzee aliyoisimamia. "Mwalimu wa kweli yuko hivyo," alisema. "Anatoa. Huyu wetu anatafuta karasha. Kama ana wito, atabaki bila sisi." Akaongeza kwamba Mtume Paulo alishona mahema ili asimlemee mtu.

Tunakiri kwamba wengi wetu tulitikisa vichwa kukubali. Maneno yale yalitupendeza kwa sababu yalituacha na bati zetu na bado tukajiona watu wa imani.

Aliyetutoa hapo ni bibi mmoja ambaye kwa kawaida hulala wakati wa mahubiri. Alisimama akishika mgongo wa benchi. "Tata," alimwambia mzee, kwa heshima zote, "yule bruda akitoa fedha yake, jioni anakula wapi?" Mzee akajibu, kwenye nyumba ya watawa. "Na akiugua?" Shirika litamtibu. "Ana mke?" Hana. Bibi akasema, "Basi kumbe yeye amebebwa na ndugu zake, ndiyo maana mikono yake iko huru kutoa. Huyu kijana wetu nani amembeba?" Akakaa. Halafu, akiwa ameshakaa, akakumbusha kwamba Paulo huyohuyo alipokuwa na shida, Wafilipi walimpelekea msaada kwa mkono wa Epafrodito, na yeye hakuurudisha.

Kuanzia hapo tulianza kuiangalia habari ya Tabichi kwa jicho jingine. Kijana mmoja anayefuatilia mambo hayo alitueleza kuwa tuzo ile haikuwekwa kama furushi moja la kumtajirisha mtu siku moja. Kanuni zake zilikuwa fedha zigawanywe kwa awamu kwa miaka kumi, na mshindi akubali kuendelea kufundisha kwa angalau miaka mitano. Yaani waliotunga tuzo walifikiri kama wakulima wa miti: walimpa mwalimu bora sababu ya kubaki mbele ya ubao, badala ya kumpongeza kwa kumwondoa pale. Tumeona mara nyingi hapa kwetu mwalimu mzuri akipongezwa kwa kupewa ofisi, na darasa likabaki yatima.

Tena tulikuwa tunaona matokeo ya mitihani ya taifa. Kwa miaka kadhaa mfululizo, karibu mtahiniwa mmoja tu kati ya watano wa kidato cha nne ndiye aliyekuwa akifaulu Hisabati nchini. Katika benchi moja la kanisani wanakaa watoto watano. Mhazini ndiye aliyesema hivyo, na tangu siku hiyo wengine wetu hatuwezi kulitazama benchi la watoto bila kuhesabu.

Tulimpelekea paroko. Alitusikiliza, kisha akatuuliza swali ambalo hatukulitarajia. Hakuuliza dini ya mwalimu. Aliuliza, "Waliotoa fedha hiyo walitoa kwa ajili ya nini?" Tukajibu, bati. Akasema fedha ya mtu aliyetoa kwa ajili ya bati si yetu kuibadilishia kazi bila yeye kukubali, hata kama kazi mpya ni njema. Akatuambia turudi tukaulize nyumba kwa nyumba.

Ilituchukua majuma mawili. Familia nyingi zilikubali. Baadhi zilikataa, na hatukuwalaumu, ingawa yapo maneno yaliyosemwa visimani ambayo tuliyajutia baadaye. Fedha za waliokataa zilinunua bati, na bati hizo zilitosha upande wa kulia. Zilizobaki, shilingi 1,800,000, zilikuwa 150,000 kwa mwezi kwa mwaka mmoja. Tukakubaliana kwamba zikiisha kila familia itatoa 2,000 kila mwezi, hadi itimie miaka mitatu. Mwalimu naye aliahidi kufundisha miaka hiyo mitatu. Tuliandika kwenye daftari, akatia sahihi, nasi tukatia.

Lipo ambalo hatujaliungama hadharani hadi leo. Miezi ya kwanza tulimtendea mwalimu yule kama mchungaji wa ng'ombe wa kuajiriwa. Tulituma watoto watuambie amefika saa ngapi. Alipoonekana kwenye mechi siku ya kazi, jioni, baada ya vipindi, kulikuwa na minong'ono. Mmoja wetu alimwuliza njiani kama hawezi walau kuja kusali nasi mara moja, kwa shukrani. Alitujibu kwa upole kwamba anatuombea kila Jumamosi, kwa majina, akianzia na jina la mhazini. Aliyeuliza alirudi nyumbani bila neno. Baadaye alitusimulia mwenyewe, na ndipo tukaacha kutuma watoto.

Waliofaulu Hisabati waliongezeka. Hawakuwa wengi, tunaweza kuwataja wote kwa majina yao. Yule kijana wa pointi hakuwa miongoni mwao. Alirudi mwaloni katikati ya mwaka, na mwalimu alimfuata huko mara mbili na kurudi peke yake. Bado tunamwombea. Wakati mwingine anapita hapa na pikipiki yake, anatusalimia vizuri.

Mwaka wa pili, ajira za Serikali zikatoka. Mwalimu alipangiwa mkoa wa mbali. Alikuja na barua mkononi, akiwa na daftari letu kichwani kuliko sisi tulivyodhani: alisema bado anatudai, yaani sisi tunamdai, mwaka mmoja na miezi minne, na kwamba yuko tayari kulipa kidogokidogo kutoka mshahara wake. Kikao hicho kilikuwa kigumu kuliko kile cha bati. Wapo waliosema ahadi ni ahadi, na kwamba tuzo ya Tabichi nayo ilikuwa na masharti. Kweli ilikuwa nayo. Lakini sharti lake lilikuwa mtu aendelee kufundisha, na huyu alikuwa anakwenda kufundisha. Watoto wa huko nao wana mabenchi yao. Tulipiga kura, tukamwachilia, kwa tofauti ya kura chache. Mzee aliyetutajia Tabichi siku ile ya kwanza alipiga kura ya kumwachilia, kisha akampa jogoo wa safari.

Mmoja wa wasichana waliofaulu alisubiri nyumbani miezi kadhaa kabla ya kwenda kidato cha tano, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati. Aliomba ufunguo wa kigango. Kila siku saa tisa alasiri aliwafundisha watoto wa kidato cha pili, akitumia ubao wa katekisimu na mizani ya kuazima. Familia ziliendelea kutoa 2,000 yao bila kuambiwa, naye alinunuliwa chaki, sabuni na godoro la shule. Sasa ameshaondoka, na mkuu wa shule ametuletea jina la mwalimu mwingine wa kujitolea, wa Kemia safari hii. Hatujajua anasali wapi. Hakuna aliyeuliza.

Mhazini amefungua daftari jipya lenye safu mbili, moja ya bati na moja ya mwalimu, na kila anayetoa anaonyesha kwa kidole fedha yake iandikwe wapi. Safu ya bati inakwenda polepole. Mvua ikinyesha saa tisa, watoto wanakusanya madaftari na kuhamia upande wa kulia.