Weka Tepu Kwanza

Miaka mitano ya ndoa si mchezo! Mwaka jana mimi na mume wangu tukaamua kuisherehekea kwa kutengeneza kibao cha majina yetu, kitundikwe sebuleni. Mimi nikachora herufi kwenye karatasi, yeye akaandaa ubao wa mninga na msumeno wa nakshi, ule wa bledi nyembamba.

Kwa haraka zangu, nikabandika karatasi moja kwa moja kwenye ubao kwa gundi nyeupe. Akanionya, "Mke wangu, hiyo haitatoka." Nikamjibu vibaya, tena mbele ya mdogo wake.

Akakata vizuri tu, kimya. Kasheshe ikawa kubandua. Nikakwangua, nikalowanisha maji. Nyuzi za ubao zikasimama, karatasi iko palepale. Siku mbili hatukusemeshana.

Fundi seremala wa mtaani alicheka sana. Kumbe unatandaza kwanza tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, halafu gundi inapakwa juu yake. Ukishakata, unabandua tepu na karatasi inaondoka nayo. Gundi ya kupuliza ingeachia kwa tapentaini, lakini ya kwangu ilitaka msasa.

Nikasugua jioni nzima. Saa mbili usiku mume wangu akachukua kipande kingine cha msasa, akakaa pembeni yangu. Nikamwomba radhi, na shemeji nikampigia simu.

Kibao kipo ukutani, na doa lake. Siku hizi hasira ikinipanda najiambia: weka tepu kwanza.