Mahame ya Slievemore

Ukimwambia mzee wa Ayalandi kwamba umetoka Tanzania, haridhiki. Atauliza mkoa, kisha kijiji, kisha atangoja. Bibi mmoja ninayemhudumia katika nyumba ya wazee huku Mayo alinibana hivyo nikiwa namvisha soksi. "Na kitongoji je?"

Nikamtajia kijiji nilichozaliwa. Sikumwambia kwamba pale si kwetu hasa. Kwetu ni mahame. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, wazazi wangu walihamishwa, na nyumba yao ikaachwa ianguke. Wiki ile ile kaka yangu alikuwa amenipigia simu kutoka Singida: kuna mtu anataka kununua lile eneo, tukubali? Nilimjibu kwamba halina kitu, auze.

Ayalandi imegawanywa katika vitongoji zaidi ya 60,000. Vingine havina hata mkazi mmoja, ila majina yapo. Katika miaka ya 1830 wapima ramani wa jeshi la Uingereza walivipitia vya Mayo, wakayaandika majina ya Kiayalandi kwa tahajia ya Kiingereza. Sliabh Mór, yaani mlima mkubwa, ukawa Slievemore.

Siku ya mapumziko nilipanda basi, nikavuka daraja hadi kisiwa cha Achill kuuona. Chini ya mlima huo wenye urefu wa mita 671 zimesimama kuta za mawe za nyumba kati ya 80 na 100, zimefuatana kando ya njia moja, hazina paa. Nyingi zilikuwa za chumba kimoja: ng'ombe upande huu, watu upande ule. Matuta ya viazi bado yanaonekana chini ya nyasi, ingawa halimi mtu.

Ugonjwa wa viazi uliingia nchini mwaka 1845. Njaa iliyofuata iliua watu wapatao milioni moja, na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli. Watu wa Slievemore walihamia pwani, Dooagh. Kwa miaka mingi waliendelea kupandisha ng'ombe huku wakati wa kiangazi, wakilala katika nyumba zile zile za zamani. Mwishowe na hilo likakoma.

Niliingia katika nyumba moja. Jiwe la mlangoni lilikuwa limelainika kwa kukanyagwa. Nikakaa juu yake, nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Upepo gani huo?"

Nikamwuliza pale mahame paliitwaje kabla ya kuhamishwa. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akaanza: jina la kilima, la kisima, la mbuyu walipozikwa kaka zangu wawili waliokufa wachanga. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuambiwa habari zao. Wala sikuwahi kuuliza.

"Mbona hukutuambia, mama?"

"Mlisema ni pori."

Nilitoa kalamu, nikaandika majina yote nyuma ya tiketi ya basi, nikimwomba ayarudie taratibu. Halafu nikampigia kaka nikamwambia asubiri, kwanza aende na mama akaonyeshwe mbuyu.

Jumatatu bibi aliniuliza tena. Safari hii nilimtajia jina lenyewe. Alijaribu kulitamka mara tatu.