Chuma Kinachogoma

Kwetu Kibua mvua haiachi panga lipumzike. Bibi hulipaka mawese, asipolipaka husema, "Kutu imelila." Kisarufi, panga limeliwa: kauli ya kutendwa, hakuna ubishi. Msamiati wa wanakemia ndio ulionitatiza. Mwaka 1836 Schönbein alikiita "pasivu" chuma ambacho asidi ya nitriki iliyo kali haikiyeyushi, kwa kuwa utando mwembamba sana umekifunika. Rafiki yangu alitafsiri "chuma tendwa". Lakini hicho ndicho kisichotendwa! Mimi ningesema kimegoma. Neno hilo linafaa hata pale utando unapovunjika na kujijenga upya, mkondo wa umeme ukipanda na kushuka: chuma kinagoma, kinaliwa, kinagoma tena. Wenzangu wa isimu, "tendwa" tuwaachie vitenzi.