Ramani Gani kwa Ziwa Mweru?

Vijana wa kikundi chetu hapa Mantapala wananiuliza kila mara: "Yaya, tukipata kile kimashine cha GPS cha wavuvi, tutie ramani gani ndani?" Wengine wanaona hilo ni swali la watu wenye pesa. Mimi nasema hapana. Kwa mkimbizi anayeingia ziwani, ramani ni jambo la usalama kabla haijawa jambo la samaki.

Tuanze na mashine yenyewe. GPS inapokea ishara za satelaiti bure, bila bando, na hata telefoni nyingi za kawaida zinayo. Inajua mahali ulipo, basi. Ni kama mtu anayesema "niko hapa", ukimuuliza hapa ni wapi, ananyamaza. Jibu linatoka kwenye ramani.

Kuna ramani za kuuzwa zenye namba za kina cha maji. Kabla hujatoa kwacha yako, omba uonyeshwe Mweru kwanza. Ukikuta bluu tupu, bila namba, utakuwa umenunua rangi. Halafu kuna OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Hiyo ni ya bure na watu wenyewe ndio wanaichora. Ukiwa na programu kama OsmAnd au Organic Maps, unaipakua siku moja penye intaneti, kisha unaitumia ziwani bila mtandao. Kwa kikundi chetu, mimi nachagua hiyo.

Lakini tusidanganyane: kina si shida yetu ya kwanza. Mweru si ziwa refu kwenda chini kama Tanganyika. Kusini, Luapula inapoingia, maji ni mafupi, na kina kinaongezeka ukielekea kaskazini, upande wa Pweto. Shida yetu kubwa ni mpaka.

Mwaka 1894 Waingereza na Mfalme Leopold walikubaliana kwenye karatasi kwamba mstari upite katikati ya ziwa, lakini upinde ili kisiwa cha Kilwa kibaki kwa Waingereza. Ndiyo sababu kisiwa hicho leo ni cha Zambia, ingawa kiko karibu na ng'ambo ya Kongo. Na huko Kongo, kandoni ya ziwa hili hili, kuna mji unaitwa pia Kilwa! Ukiandika "Kilwa" kwenye telefoni, inaweza kukupeleka kisiwani, au Kongo, au hata Kilwa ya pwani ya Tanzania. Usifuate jina. Angalia alama iko wapi.

Majini hakuna mti wala jiwe la kuonyesha mpaka. Usiku, wavuvi wa chisense wanawasha taa, upepo unasukuma mtumbwi, na mtu anaona giza tu. Mwenyeji akivuka, pengine atatafuta pesa ya faini. Sisi tukivuka, tunarudi katika nchi tuliyoikimbia mwaka 2017. Kijana mmoja tunayemfahamu alikaa siku mbili ng'ambo. Nyavu zilibaki huko. Yeye alirudi, lakini mama yake hakutia kitu mdomoni siku zote mbili.

Basi, ramani nzuri kwetu ni ile inayoonyesha mpaka waziwazi. Fungueni ramani mbili kwenye telefoni mbili, muone kama mistari inapita mahali pamoja. Ikiachana, fuateni ule ulio karibu zaidi na upande wa Zambia, kisha muache kilomita nzima kabla ya kuufikia. Wekeni alama ya bandari ya Kashikishi mchana, kabla ya kutoka. Telefoni ifungwe ndani ya plastiki, na moja ibaki imezimwa, kwa sababu batiri ikiisha, ramani nayo imeisha.

Mzee mmoja wa Kashikishi aliangalia ramani yangu akacheka: "Mwanangu, hapa mumeandika maji tu." Akaanza kutaja mawe yanayopasua mitumbwi, na sehemu ambazo upepo unageuka ghafla. Hayo hayauzwi dukani. Kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari uvuvi unafungwa, na wazee wanashona nyavu nchi kavu. Huo ndio wakati wa kukaa nao, kwa heshima, daftari mkononi.

Mahali pa mawe tuandike, kila mtu aone. Mahali samaki wanapozalia tusiweke. Mpumbu walikuwa wengi sana Luapula, lakini miaka ya 1940 watu waliwategea nyavu wakipanda mto kwenda kutaga mayai, na mpaka leo hawajarudi kuwa kama zamani. Ramani inaweza kuokoa mvuvi, na inaweza pia kumaliza samaki wake.

Kwa ndugu wa mashirika: mashine tutashukuru. Lakini GPS haitoi karatasi ya kutoka kambini, wala leseni ya uvuvi. Mkija na mashine bila hizo, mtakuwa mmetuonyesha njia ambayo haturuhusiwi kupita. Tusaidieni kwanza kupata karatasi. Ramani, pamoja na wazee wa Kashikishi, tutaichora wenyewe.