Kuomboleza kwa Sauti ya Juu

Nyimbo mbili zinazofunga albamu ya kwanza ya bendi ya The Cramps zilitoka mwaka 1956, na waimbaji wake wa awali wote walikufa wakiwa na miaka 30. Johnny Burnette, mzaliwa wa Memphis aliyeimba "Tear It Up", alikufa Agosti 1964, mashua yake ya kuvulia ilipogongwa usiku na chombo kikubwa katika ziwa la Clear Lake, California. Little Willie John, mwenye "Fever", alifia gerezani katika jimbo la Washington Mei 1968. Mwaka 1979 vijana wanne wa The Cramps waliingia studio ya Sam Phillips mjini Memphis na kuziamsha upya. Albamu ikatoka mwaka uliofuata, jina lake Songs the Lord Taught Us.

Kwa juu juu, hii ni albamu ya mayowe. Imejaa mazombi na watu wanaogeuka mbwa mwitu, vitisho vya filamu za bei rahisi. Rokabili ya miaka ya 1950 imekutana humo na ukali wa panki, na mtindo huo ukaja kuitwa saikobili. Mimi naisikia kama albamu ya maombolezo.

Wamo marehemu wengine pia. Lux Interior, mwimbaji, alikulia Ohio, ambako Pete Myers alitangaza katika redio ya Cleveland kwa jina la Mad Daddy, akicheza rekodi kali na kuropoka kwa mashairi. Myers alijiua mwaka 1968. The Cramps walimtungia wimbo, na ndani yake hakuna hata chembe ya unyonge. Wanalitangaza jina lake kwa makelele, jinsi yeye mwenyewe alivyopenda kutangaza.

Lux na mwenzi wake, mpiga gitaa Poison Ivy, walikuwa wakusanyaji wa santuri zilizosahaulika, rekodi za waimbaji ambao redio iliwapa msimu mmoja ikawatupa. Walipozirudia nyimbo hizo hawakuwaiga wenyewe. Sikiliza "Fever" yao. Kwa Willie John kulikuwa na saksafoni na vidole vinavyoalika. Hapa vyote vimeondolewa. Gitaa linatetemeka katika mwangwi, na Lux anaimba polepole, sauti ameishusha, pumzi zinasikika. Humsikii Willie John hata kidogo, lakini unajua fika kwamba kuna mtu hayupo.

Wakati huo bendi hii haikuwa na mpiga besi. Kulikuwa na Ivy na Bryan Gregory kwenye magitaa, Nick Knox kwenye dramu, na Lux. Aliyelelewa na muziki wa dansi, ambamo besi ndiyo inayomkamata mchezaji kiunoni, atalihisi pengo hilo mara moja. Gitaa la Gregory linakoroma chini, linabeba linachoweza, lakini pengo lenyewe hawakuliziba. Wimbo unakwenda nalo, na unakwenda vizuri.

Nilipofiwa na kaka yangu, watu walinisihi nijikaze. Arobaini ilipopita wakaacha kulitaja jina lake mbele yangu. Walifanya hivyo kwa huruma, nami nikawafuata. Nyumba nzima tukawa tunampita kimyakimya. Nadhani hapo ndipo tulipompoteza mara ya pili. Kifo kilimchukua siku moja, na sisi tukaendelea kumchukua kila siku kwa kunyamaza. Albamu hii ilinifundisha kwamba heshima kwa marehemu haipimwi kwa upole wa sauti. Unaweza kumtaja kwa kishindo, kwa kicheko, kwa wimbo wake ulioupinda ukatoshea koo lako.

Lakini kuna kinachopotea moja kwa moja, na hilo pia limo katika historia ya bendi hii. Gregory aliondoka mwaka 1980, akafariki mwaka 2001. Lux alifariki Februari 2009 huko Glendale, California, mshipa mkuu wa moyo ulipochanika. Alex Chilton, prodyuza wa albamu, alifuata mwaka 2010, na Knox mwaka 2018. Kati ya watu hao watano amebaki Ivy. Yeye na Lux walikuwa pamoja tangu mwaka 1972. Kifo cha Lux kilikuwa mwisho wa The Cramps. Ivy hakumtafuta mwimbaji mwingine wa kusimama pale.

Mtu aliyetumia maisha yake kufufua nyimbo za wengine alijua mpaka uko wapi. Wimbo wa marehemu unaweza kuuimba wewe, na ukiacha kuuimba unakufa naye. Nafasi yake mwenyewe, pumzi yake, namna yake ya kuingia mahali watu wakageuka, hivyo havirithiwi. Anayeomboleza ana kazi mbili: kuendelea kuimba, na kutomweka mtu mwingine pale. Ukifanya ya kwanza peke yake unajidanganya. Ukifanya ya pili peke yake unanyamaza.

Siku hizi namtaja kaka mbele ya wanawe. Nawasimulia visa vyake, hata vile vya aibu, na sauti siishushi. Wanacheka, wanauliza zaidi, wakati mwingine mmoja analia. Vyote ni haki ya kaka.