Picha ya Watu ni Amana



Ndugu wazazi na wanafunzi, leo hatukukusudia kuingia katika khitilafu za wanazuoni juu ya picha. Tunataka kuwaeleza kosa tulilolifanya sisi wenyewe, kwenye kompyuta ya madrasa yetu hapa Buyenzi, Bujumbura, ili nanyi msije mkalifanya.

Mwanafunzi wetu mmoja, yatima, alituletea picha ya marehemu baba yake. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja cha mtoto. Alitaka ikuzwe ampe mama yake. Tukaiskani, tukamrudishia karatasi yake, kisha tukaanza kazi.

Wengi wenu mmeziona picha za zamani zenye rangi ya hudhurungi. Rangi ile haikuwa pambo tu. Picha nyeusi na nyeupe ya karatasi imeundwa kwa chembe za madini ya fedha. Mpiga picha aliitia dawa yenye salfa, fedha ikageuka rangi na kudumu zaidi. Kwenye kompyuta hakuna fedha wala salfa. Programu kama Photoshop, au GIMP inayopatikana bure, hutia rangi moja juu ya picha nzima. Pambo unalipata, uimara ule huupati.

Sisi tulipenda pambo. Tuliona hudhurungi itampa marehemu haiba ya wazee. Tulipotia rangi tukaiona nyepesi, tukapunguza mwanga ili ikolee. Tukaridhika, tukahifadhi kwa jina lile lile la faili la mwanzo. Hapo ndipo tulipoharibu.

Wiki chache baadaye mvua kubwa iliingia nyumbani kwao. Picha ikalowa, ikanata kwenye nailoni ya albamu, na ilipobanduliwa uso wake ukabaki kwenye nailoni. Nakala yetu ndiyo iliyosalia. Tukaichapisha, tukampelekea mama. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Mwalimu, Allah akulipe kheri. Lakini kanzu yake ilikuwa nyeupe. Na bibi yuko wapi? Alikuwa amesimama mlangoni."

Tukarudi mbio kwenye kompyuta. Hudhurungi tuliweza kuiondoa, na kanzu tukaing'arisha. Bibi hakurudi. Skana yetu huigawa picha ya namna hii katika ngazi 256, kuanzia weusi kamili hadi weupe kamili. Sura ya bibi ilikuwa katika ngazi za chini kabisa, ndani ya kivuli cha mlango. Tulipopunguza mwanga, ngazi zile zote ziliangukia weusi mmoja. Faili likishahifadhiwa na kufungwa hivyo, hakuna amri ya kuzitenganisha tena.

Tulimwomba mama msamaha, naye akatusamehe. Lakini picha nyingine ya bibi yule hawana.

Basi, ndugu zetu, tunausiana haya. Kwanza, ukishaiskani picha, ihifadhi katika faili la TIFF na usiliguse tena. JPEG hupoteza kidogo kila unapoibadili na kuihifadhi upya. Nakala nyingine iweke kwenye diski ya pembeni. Pili, fanyia kazi nakala, na rangi uitie katika tabaka lake peke yake juu ya picha, ili ukitaka uipunguze au uifute. Tatu, rangi iwe kidogo na weupe ubaki weupe. Kabla ya kugusa mwanga, kuza sehemu zenye giza utazame kuna nani ndani yake. Nne, muulize mwenye picha. Yeye anawajua waliomo, wewe unaona vivuli tu.

Kila mwaka tunawasomesha watoto kwamba amana hurudishwa kama ilivyopokelewa. Tulidhani amana ni fedha na mali. Kumbe hata giza la mlangoni katika picha ya watu ni amana, nasi tuliichezea kwa kutaka ipendeze machoni petu.

Mwenyezi Mungu awarehemu marehemu wetu, wenye picha na wasio na picha.

Wabillahi tawfiq.