Kutu Chini ya Rangi

Sisi walimu hatuchoki kusimulia makosa ya wanafunzi wetu, lakini yetu wenyewe huyafunika. Leo nitafanya kinyume. Nitawasimulia habari ya gari kuukuu, na kutu yake, na biashara ambayo nusura inifanye mwizi bila kuvunja mlango wa mtu.

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser ya namna ile ndefu, yenye milango miwili mbele na mabenchi mawili yanayotazamana nyuma. Ukoo huo wa magari ulianza kutoka kiwandani huko Japani mwaka 1984, na hata leo wangali wanaendelea kuutengeneza. Watu wa Kolwezi twalifahamu sana, maana katika njia zetu za udongo mwekundu, wakati wa masika, ni magari machache yafikayo mahali lifikapo hilo. Hili la kwetu aliliacha baba mdogo alipofariki. Siku za uhai wake alipakia kila kitu: mahindi, saruji, makaa, na kwa muda fulani madumu ya asidi ya betri, ambayo mara kwa mara yalivuja sakafuni.

Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo walikata shauri liuzwe, na fedha zilipe karo ya watoto watatu wa marehemu. Kazi ya kuliuza nikapewa mimi, kwa kuwa ndimi niliyesoma.

Basi nikalizunguka gari, nikaona hali yake. Chini ya milango rangi ilikuwa imefura kama malengelenge ya mtu aliyeungua. Kando ya mpira wa kioo cha mbele palikuwa na mstari wa kahawia. Katika mfereji wa paa, maji ya mvua yalikuwa yametoboa vitundu kama vya chujio. Nikainua zulia la sakafu upande wa abiria, nikaona majani ya bustani yangu.

Sitajitetea kwamba sikujua maana yake. Kila mwaka nawaonyesha wanafunzi wangu misumari minne. Wa kwanza nautia katika chupa kavu yenye chokaa ya kunyonya unyevu. Wa pili nautia katika maji yaliyochemshwa na kufunikwa mafuta ili hewa isiingie. Wa tatu nautia katika maji ya kawaida, na wa nne katika maji ya chumvi. Baada ya juma moja, ile miwili ya kwanza ni safi, wa tatu una kutu, na wa nne umeharibika kupita wote. Hivyo watoto hujionea kwamba chuma hakiliwi na maji peke yake wala na hewa peke yake, bali na vyote viwili pamoja, na kwamba chumvi huongeza kasi. Tena huwaambia kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na ndiyo sababu hufura na kuipasua rangi kutoka chini. Mtu anayefundisha hayo miaka kumi hawezi kusema hakujua.

Hata hivyo nilimpelekea gari kijana mmoja afanyaye kazi haraka na kwa bei ndogo. Alikwangua juujuu, akaziba matundu kwa udongo ule wa kuzibia ambao mafundi wetu huuita mastiki, akapiga msasa, akapaka rangi nyeupe. Kwa siku tatu tu gari liling'aa kama yai. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nilijisemea moyoni: «Biashara ni biashara. Mnunuzi naye ana macho.»

Wanunuzi walitoka vijiji vya upande wa Nzilo, kule mto Lualaba ulikozuiwa kwa boma ili kupata umeme. Aliyewaongoza alikuwa katekista, mtu mpole mwenye viatu vilivyoshonwa mara nyingi. Walikuwa wamechanga fedha kwa muda mrefu, kwa kuuza mahindi na samaki, wapate gari la kuwaleta wagonjwa na akina mama wajawazito hospitalini mjini. Walilizunguka, wakaligusa kwa viganja, wakasifu rangi yake. Tukapatana bei. Wangerudi baada ya juma moja na fedha zote.

Katika juma hilo mlango wa kushoto ukakataa kufunga. Nikalipeleka gari kwa mzee fundi mmoja mtaani Manika, anayefanya kazi chini ya mwembe. Mzee yule hakuutazama mlango. Alitoa mfukoni sumaku ya spika ya redio iliyofungwa katika kitambaa, akaiweka juu ya bati karibu na kioo, ikashika. Akaiteremsha polepole hadi kizingiti cha mlango. Sumaku ikaanguka chini. Akaiokota, akajaribu kando yake, ikaanguka tena.

«Mwalimu,» akasema, «hapa hapana gari.»

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Akaingia nyuma, akagonga sakafu kwa nyundo ndogo. Mahali pazima palilia kama kengele, na palipooza palitoa sauti ya kiroba cha unga. Akauliza: «Nani analinunua?»

Nikamwambia.

«Benchi la mgonjwa limekazwa hapa kwa skrubu. Skrubu zitashika nini, Mwalimu? Udongo?»

«Baba, fedha hizi ni za yatima,» nikajibu.

«Nasikia. Na atakayelala juu ya benchi hili, watoto wake watakuwa nani?»

Nilirudi nyumbani bila kuurekebisha mlango. Usiku ule sikulala. Niliwaza mtaa wa Kasulo, ambako tangu mwaka 2014 watu walipogundua kobalti chini ya viwanja vyao, wengi walichimba mashimo hata ndani ya nyumba. Mgeni aliona kuta na mapazia, asijue kwamba chini ya mkeka pana shimo. Mara nyingi niliwalaumu watu wale mbele ya wanafunzi. Kumbe nami nilikuwa nauza nyumba iliyo juu ya shimo. Injili hutaja kutu pamoja na nondo na mwizi. Usiku ule niliona kwamba kutu na mwizi waweza kukaa chini ya rangi moja.

Mke wangu aliponisikia nikigeukageuka akauliza kuna nini, nikamweleza yote. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: «Baba watoto, yatima wanataka karo, ni kweli. Lakini siku moja watauliza ilitoka wapi.»

Asubuhi nikapanda pikipiki ya kukodi hadi kwa katekista. Akawaita wazee wenzake, nikasema yote mbele yao nimesimama: matundu, mastiki, skrubu za benchi. Walinyamaza kwa muda mrefu. Mmoja akauliza: «Mwalimu, sisi tungejua lini?» Nikajibu: «Wakati wa masika, njiani, mkiwa na mgonjwa.»

Hawakunitukana, na afadhali wangenitukana. Baada ya kushauriana walisema wangali wanalitaka gari, maana injini ni nzima. Tukaandikiana upya: bei ipungue kwa robo, wao watoe sehemu ya fedha sasa kwa ajili ya kazi, na vijana wao wawili wamsaidie fundi. Nami niwe mdhamini mpaka mwisho wa masika.

Kazi ilichukua majuma matano, nami nilikuwa pale kila baada ya masomo. Kwanza tulitoa viti, mabenchi, mazulia na tangi la mafuta, tukafungua betri, kwa sababu cheche za kuchomelea hazina huruma na petroli wala dizeli. Kisha tuliosha chini ya gari kwa maji mengi, na sakafu ya nyuma tukaiosha kwa maji yenye magadi ili kuua mabaki ya asidi. Udongo ulioshuka ulijaza toroli. Mzee akatuonyesha ubaya wenyewe. Kila mlango na kila kizingiti kina vitundu chini vya kutolea maji. Udongo ulikuwa umevifunga vyote, na yule kijana akavimalizia kwa mastiki. Mvua iliyoingia kwa juu haikuwa na njia ya kutoka. Gari lilikuwa likitembea na visima vyake.

Hapo ndipo tindo na nyundo vilipoanza. Mzee hakukubali kubakiza bati lililokonda. Alikata mpaka mahali paliponguruma kama chuma, hata matundu yaliyokuwa kama sarafu yakawa kama sahani. Nilipoguna akasema: «Ukishona kiraka juu ya nguo iliyooza, uzi utapata kushika wapi?»

Viraka alivikata katika pipa kuukuu la mafuta. Pipa lenyewe alilikata kwa tindo, wala si kwa moto, maana mvuke uliobaki ndani waweza kulipuka na kuua. Kwanza alipima kwa karatasi ngumu, akaikata mpaka ikakaa sawa, ndipo akaihamisha alama juu ya bati. Alipochomelea hakupitisha moto mfululizo. Aliweka nukta moja huku, nyingine kule, akapumzika na kupoza kwa kitambaa chenye maji, kwa kuwa bati jembamba likipata moto mwingi mahali pamoja hujikunja kama jani kavu. Umeme ulipokatika tulisubiri, na siku nyingine tulisubiri mpaka jioni.

Baada ya msasa ikaja rangi ya kwanza, yenye zinki. Nikawaeleza vijana sababu yake. Zinki ikigusana na chuma penye unyevu, huliwa yenyewe kwanza, na chuma husalimika. Wazee wetu waliifahamu zinki, maana zamani hapa Kolwezi palikuwa na kiwanda chake, kilichopata madini kutoka Kipushi. Kijana mmoja akauliza: «Na shaba je, Mwalimu? Si ndiyo iliyo tele kwetu?» Swali zuri. Shaba hufanya kinyume: ikigusana na chuma penye maji, chuma ndicho kiliwacho. Mwenyewe huwaonyesha wanafunzi msumari ndani ya maji ya mrututu, jinsi unavyovaa ngozi nyekundu ya shaba huku chuma chake kikiyeyuka. Lakini shaba ikiwa peke yake hudumu sana. Huvaa koti la kijani, na koti hilo huilinda. Ile misalaba ya shaba ambayo babu zetu waliisubu, na ambayo wachimbuaji waliikuta makaburini kando ya ziwa Kisale, ilikaa ardhini mamia ya miaka, wala haikugeuka vumbi. Kutu ya chuma hailindi kitu. Hubanduka, na kila inapobanduka hufungua mlango kwa kutu nyingine.

Mwishoni mzee alipaka rangi nyeupe, akapulizia mafuta mazito ndani ya vizingiti, akayaepusha na mipira. Mastiki aliitumia pia, kidogo tu, kusawazisha mishono juu ya chuma kizima. «Mastiki si dhambi,» akasema. «Dhambi ni kuifanya nguzo.» Kisha akachukua waya, akazibua kitundu kimoja kimoja, akamwaga kopo la maji juu ya mlango. Tukainama sote kutazama. Maji yakatoka chini. Ndipo akaurekebisha mlango wa kushoto.

Msidhani kwamba hayo yote hayakuwa na gharama. Wazee wa ukoo walinung'unika sana kwa sababu ya ile robo ya bei, na mmoja hadi leo hunisalimu kwa ncha za vidole. Karo ya muhula wa mwisho niliilipa katika mshahara wangu, kidogo kidogo, na nyumbani kwangu tulikula sombe bila samaki kwa siku nyingi. Lakini mkubwa wa wale yatima, nilipomweleza kwa nini fedha zilipungua, aliniomba nimwonyeshe sumaku.

Masika yaliyopita nililikuta gari lile mjini, limetapakaa matope. Katekista alishuka, tukasalimiana. Kabla hajaniuliza habari za nyumbani, alinishika mkono akanipeleka kwenye mlango, akainama, akanionyesha vitundu. Vilikuwa wazi vyote. Alisema kila Jumamosi watoto wa kijiji huvizibua kwa njiti, tena hushindana. Nyuma, juu ya benchi, alikaa mama mmoja na kitoto kichanga kilichofunikwa kitenge. Skrubu zilikuwa zimekaza.

Kutu itarudi, najua. Ni chuma, nayo mvua ya Lualaba ni ile ile. Basi ninyi mnaomiliki gari kuukuu, safisheni matope chini yake, zibueni vitundu, inueni mazulia baada ya mvua, na mwonapo lengelenge katika rangi, lipasueni upesi lingali dogo. Nanyi mnaouza, chukueni sumaku kabla mnunuzi hajaja, mpitishe wenyewe mahali mnapopajua.